Kikombe Hakina Kosa, Fungua Dirisha

Wadogo zangu, wiki hii nimepata barua ya mdogo wetu mmoja wa Tanga. Wifi yake amegundulika ana kifua kikuu (TB). Mama mkwe amemtengea kikombe, sahani na kijiko, kisha akamfungia dirisha la chumba ili baridi isimzidi. Mdogo wetu ana mtoto wa miaka 3 anayelala na shangazi yake humo humo. Anauliza: nimchukue mwanangu nirudi kwetu?

Tulia, mdogo wangu. Kwenu usirudi, ila mtoto mhamishie chumbani kwako leo hii. Vimelea vya TB husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au hata kuimba. Kikombe hakiambukizi, wala kushikana mikono. Hapo nyumbani mmeogopa vyombo, mkaacha hewa ile ile izunguke chumbani usiku kucha. Fungueni madirisha, upepo na jua viingie. Wifi afunike mdomo akikohoa. Akishameza dawa sawasawa kwa wiki kama 2, kwa kawaida haambukizi tena.

Kisha nendeni wote kituo cha afya mkachunguzwe. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa, akionekana hana TB, huanzishiwa dawa za kinga hata kama anacheza vizuri. Usitegemee chanjo ya BCG peke yake. Hiyo humkinga hasa na TB kali ya utotoni. Mama mkwe naye mchukue. Hayo ya vyombo usimwambie wewe: mkwe akielezwa na nesi husikia, akielezwa na mkamwana hununa.

Wifi naye mwandae. Dawa ni miezi 6. Mkojo utageuka rangi ya chungwa, asishtuke, ni dawa ya rifampisini hiyo. Kufika mwezi wa pili atanenepa, kifua kitatulia, ajione amepona. Hapo ndipo wengi huacha vidonge, ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Na kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, amwambie nesi mapema, maana rifampisini huvipunguzia nguvu.

Na wewe unayesoma huku ukikohoa wiki ya tatu, jasho linakulowesha usiku, nawe unasingizia vumbi: kesho pitia zahanati utoe makohozi. Vipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali, na ugonjwa huu unapona, hata kwa mwenye VVU.