Chagua Fundi Kwanza, Gari Baadaye

Gari la kampuni yetu ni pikapu ya Peugeot 504. Nikilitaja mjini Malindi watu hucheka kwanza, kisha huuliza kama naliuza. Kampuni yenyewe ni ndogo: tunanunua mananasi na asali kwa wakulima wa Adu na wa kandokando ya msitu wa Dakatcha, tunateremsha Malindi kwa mahoteli na wachuuzi wa soko. Tuko watu watano na gari moja, na wanne kati yetu walizaliwa wakalikuta barabarani.

Naulizwa sana jinsi ya kuchagua gari la zamani la kufanya kazi ya kampuni, si la kuoshwa Jumamosi na kupigwa picha. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kuyalipia.

Andika kazi kabla ya jina la gari

Mimi nilianza kinyume. Nilikuwa nimeshaipenda Mercedes moja ya W123, rangi ya chai ya maziwa, viti havijachanika popote. Nilishaanza kujiona nikishuka mbele ya hoteli na daftari la oda mkononi. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Sasa baba watoto, hayo mananasi yatakaa kiti cha mbele ama cha nyuma?"

Nikachukua karatasi. Mzigo: nusu tani kwa safari ya kawaida. Safari: tatu kwa wiki. Njia: Adu hadi Marafa, kisha kuteremka mpaka daraja la Sabaki na Malindi, mchanga mwekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Madereva: wawili, na mmoja alizoea gari la otomatiki. Ukimaliza orodha kama hiyo, magari mengi mazuri hujiondoa yenyewe. Yangu yalibaki matatu: Land Rover Series III, Land Cruiser za zamani za mfululizo wa 40, na pikapu ya 504.

Wala usikeshe ukitazama magari ya Uingereza na Japani kwenye simu. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Gari la zamani utakalolipata ni lile lililozeekea hapa hapa. Hilo silo jambo baya. Land Rover ziliunganishwa Thika na Peugeot ziliunganishwa Mombasa, kwa hiyo mikono inayozijua bado ipo. Kazi yako ni kuitafuta.

Mtafute fundi kabla ya gari

Kabla ya kutazama gari hata moja, nilishinda siku mbili kwenye magereji ya jua kali ya Malindi nikiuliza swali lile lile: ni gari gani la zamani unaloweza kulifungua ukiwa umefumba macho? Vijana wote walisema Land Cruiser, na sikuwapinga. Tatizo ni kwamba wenye Land Cruiser nao wanajua thamani yake, na bei niliyotajiwa ingemeza mtaji wa msimu mzima wa mananasi.

Mzee mmoja hakunijibu. Alikuwa na oili mpaka kwenye viwiko. Akanirudishia swali: "Wataka kubeba nini, kijana?" Nikamweleza. Akanipeleka nyuma ya banda, akafungua debe la bati. Ndani mlikuwa na vipande vya kabureta vimefungwa kimoja kimoja kwa gazeti. Ufundi aliusomea enzi ambazo Peugeot 404 na 504 ndizo zilizokuwa matatu za safari ndefu. "Niletee 504, hata iwe imekufa. Land Rover nitakutengenezea, lakini nitakuwa nauliza."

Basi nikachagua. Wapenzi wa magari watakukumbusha kwamba 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kwamba 504 ilishinda 1975 na 1978. Sifa hizo ni za kweli. Lakini magari yale yalifuatwa njia nzima na mafundi na shehena ya vipuri. Mimi nina fundi mmoja, naye, gari likikwama Marafa, yuko ng'ambo ya mto Sabaki.

Ukishampata fundi, wapime wauza vipuri. Andika vitu vitano vinavyokufa mara kwa mara: pampu ya maji, sahani ya klachi, gasketi ya hedi, silinda ya breki na vifaa vya kukarabati kabureta. Piga simu Mombasa, piga simu kwenye maduka ya Kirinyaga Road Nairobi. Kama vitatu kati ya vitano haviwezi kukufikia ndani ya wiki moja, achana na gari hilo hata likitolewa bure. Rahisi huvunja upishi.

Lala chini, gonga chasisi

Adui wa gari la zamani pwani ni chumvi. Kaskazini ya Mambrui, hasa kule Gongoni, inavunwa kabisa, na upepo hauchagui pa kuipeleka.

Huko ndiko nilikoonyeshwa Land Rover iliyong'aa kama sufuria mpya. Mwenyewe alinihakikishia kwamba bodi haijawahi kushika kutu, na hakusema uongo, kwani bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini. Lakini chasisi ni chuma. Nikatandika gunia, nikaingia chini. Karibu na springi za nyuma palikuwa na rangi nyeusi mbichi, nzito kama uji. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi: ti, ti, ti, halafu sauti ikabadilika, ikawa kama ya kugonga katoni. Nikageuza bisibisi, nikasukuma kwa ncha. Ikazama mpaka kwenye mpini, na ilipotoka ilitoka na unga mwekundu. Mwenye gari alikuwa amechutama ananitazama. Hatukubishana. Tulikunywa madafu tukaagana.

Kwa Peugeot, ambayo bodi yake ni chuma, beba sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Ipitishe chini ya milango, kwenye vizingiti na pembe za sakafu. Isiposhika, hapo pamejazwa fila na kupakwa rangi. Na uliza gari limelala wapi miaka yote hiyo. Langu nililipata Kaloleni, mbali na bahari, na nadhani nusu ya uzima wake umetoka hapo.

Injini ikutane nawe ikiwa baridi

Nilimwambia mwenye gari hilo la Kaloleni asiwashe injini kabla sijafika. Nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti: moto. Akasema alikuwa amelisogeza kidogo tu. Sikumlaumu. Nikaagiza chai na mahamri, nikakaa chini ya mwembe kwa zaidi ya saa moja na nusu, tukazungumza habari za mvua na karo za shule. Injini ilipopoa ndipo nikasema, haya, washa.

Ikakataa mara mbili, ya tatu ikashika. Moshi wa bluu ukatoka, ukaisha baada ya dakika moja. Hilo naliweza, moshi wa bluu usioisha ndio wa kuogopa. Kisha nikafungua kifuniko cha oili. Hedi ya injini ya 504 ni ya alumini, na ikichemka sana hupinda. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko, maji na oili vimeshakutana, na wewe shika njia. Changu kilikuwa cheusi na kisafi.

Kwa injini kuukuu zenye hedi ya chuma, kama ya Land Rover, ongeza swali moja. Petroli yenye risasi iliondoka Kenya kufikia mwanzo wa 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya valvu. Uliza kama viti vigumu vimeshawekwa.

Karatasi nazo zina kutu

Soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe, kisha kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Soma na ya injini pia, kwa sababu magari mengi ya umri huu yamebadilishiwa injini bila logibuku kujua. Halafu tazama jina. Gari la kwanza nililoafikiana bei lilikuwa bado kwa jina la marehemu. Watoto wake wanne walikubali kuuza, wa tano yuko Uarabuni na hashiki simu. Bila barua za urithi kutoka mahakamani, hata wangekubali wote watano bado hakuna wa kukuhamishia umiliki. Niliwapa pole nikaondoka. Utakapopata lenye karatasi safi, liandikishe kwa jina la kampuni na PIN ya kampuni tangu siku ya kwanza, si kwa jina lako ukisema utabadilisha baadaye.

Kodi na bima

Mfanyakazi akitumia gari la kampuni kwa mambo yake, mamlaka ya kodi, KRA, huhesabu hiyo kuwa sehemu ya mapato yake, kwa kawaida asilimia 2 ya bei ya kununulia gari kwa kila mwezi. Gari la shilingi 4,000,000 ni 80,000 kwa mwezi za kuongezwa kwenye hesabu ya kodi yake. Gari la 400,000 ni 8,000, ingawa KRA ina viwango vyake vya chini pia, kwa hiyo muulize mhasibu. Hapa uzee ni mali.

Kwenye bima uzee ni mzigo. Kampuni nyingi hazitaki kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu, utaambulia ile ya kumlinda mtu wa tatu. Likiibwa, limeibwa. Mimi niliweka swichi ya siri ya kukata umeme, na wanaoijua ni watatu. Pikapu ya mizigo pia inatakiwa kukaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Usilione kero: ndiyo siku pekee mtu asiyekuwa rafiki yako analitazama gari lako.

Hesabu siku za kusimama

Gari la zamani hudai mapumziko, na usipoyapanga litajipangia lenyewe, mara nyingi Ijumaa na mananasi yakiwa yameiva. Langu halifanyi kazi Jumatatu. Siku hiyo oili inatazamwa, maji yanatazamwa, plagi zinasafishwa, kila nati iliyolegezwa na barabara ya Marafa inakazwa. Mwaka wa kwanza niliona ni hasara. Mwaka wa pili nilihesabu mizigo iliyoharibikia njiani, nikapata mmoja.

Kuna jambo moja ambalo orodha yangu ya mwanzo haikuwa nalo. Nilichagua fundi kwanza, nikasahau kwamba naye anazeeka. Mwaka jana macho yalianza kumsumbua, na jeti za kabureta zina tundu dogo kama la sindano. Sasa kila Jumatatu kampuni inamlipa pia kijana wa miaka 20 asimame kando yake, na kwenye vitabu vyetu malipo hayo yako chini ya "matengenezo ya gari".

Wiki iliyopita nilifika nikamkuta kijana ameinama juu ya injini, naye mzee amekaa kwenye tairi kuukuu, amempa mgongo. Injini ilikuwa inanguruma. "Robo zungusha kulia," mzee akasema bila kugeuka. Kijana akazungusha, ngurumo ikatulia. "Sasa rudisha ilivyokuwa, uifanye mwenyewe. Mimi sisemi tena."