Vifundo vya miguu vilivyokakamaa: Lini uchue, lini usiguse



Katika safu yetu leo tutajifunza juu ya tatizo ambalo wengi hulivumilia kimya kimya mpaka liwazuie kukaa tahiyatu, nalo ni kukakamaa kwa nyayo na vifundo vya miguu. Majumbani mwetu tiba ya kwanza huwa ni kuchua. Mafuta hupashwa moto, huitwa mtu mwenye mkono mzito, na mguu huvutwa mpaka ulie. Mara nyingine mgonjwa hupata nafuu. Mara nyingine mguu uliochuliwa ulikuwa umevunjika, au una damu iliyoganda ndani, na mkono uliokusudia kusaidia ukaleta maafa. Kwa hiyo ni lazima tujue mambo mawili pamoja: namna ya kuulegeza mguu kwa mikono, na namna ya kuutambua mguu ambao haufai kuguswa.

KAZI YA KIFUNDO

Kuanzia kwenye kifundo mpaka vidoleni, mguu mmoja una mifupa 26. Kifundo kizima huweza kukunja unyayo kwenda juu kiasi cha nyuzi 20, na kuuelekeza chini kiasi cha nyuzi 50. Ili mtu atembee vizuri anahitaji angalau nyuzi 10 za kwenda juu. Asipozipata, kisigino hunyanyuka mapema, unyayo hugeukia nje, na uzito wote huelemea sehemu ya mbele ya wayo na goti.

Muislamu huligundua tatizo hili mapema kwa sababu ya swala. Katika swala tano za faradhi mna rakaa 17, na ndani yake sijida 34 na tahiyatu 9. Kwenye sijida vidole hukunjwa vikaelekea Kibla. Kwenye kikao cha iftirashi unyayo wa kushoto hulazwa na kukaliwa, na wa kulia husimamishwa juu ya vidole. Mzee anayekaa upande upande na kuhangaika kila anapoinuka huenda si mvivu wala si mtovu wa adabu katika swala. Huenda kiungo chake kimekataa kukunjika.

SABABU ZA KUKAKAMAA

Kwanza ni kukaa muda mrefu bila kuutumia mguu: baada ya kufungwa hogo kwa kuvunjika, baada ya kulala kitandani kwa maradhi, au baada ya kiharusi. Utando unaokizunguka kiungo hunywea, na misuli ya shavu la mguu hufupika.

Pili ni kuteguka zamani na kuacha kufanya mazoezi baada ya maumivu kwisha. Tatu ni maradhi ya viungo yenyewe, kama kulika kwa gegedu, baridi yabisi na jongo.

Nne ni kisukari, na hili wengi hawalijui. Sukari ikikaa juu kwa miaka hunata kwenye nyuzi za ngozi, kano na utando wa viungo, zikawa ngumu. Hata mikononi huonekana, kwani mgonjwa akiunganisha viganja vyake, vidole havigusani sawasawa. Mguu mgumu wa namna hii hukandamiza ardhi kwa nguvu mahali pamoja. Ukiwa pia umekufa ganzi, kidonda huanza bila mwenyewe kuhisi.

MGUU USIOTAKIWA KUCHULIWA

Kabla hujachukua chupa ya mafuta, utazame mguu kwenye mwanga, kisha uulize maswali haya:

1. Je, umeumia karibuni? Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni ambayo hutumika mpaka leo. Ikiwa kifundo kinauma, na mgonjwa hawezi kutembea hatua nne, au anaumia ukibonyeza ncha au ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, wa nje au wa ndani, anahitaji picha ya eksirei. Usivute wala usichue.

2. Je, shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji, uzazi au kulala kitandani? Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kipande kikimeguka huenda kwenye mapafu na kuua. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

3. Je, kiungo ni chekundu, cha moto, na mgonjwa ana homa? Huenda kuna usaha ndani. Hili nalo ni la hospitali, na halingoji kesho.

4. Je, mgonjwa ana kisukari na mguu umevimba na kupata joto, hata kama hauumi? Huenda mifupa inavunjika polepole bila yeye kuhisi. Asiukanyagie mguu huo, na apelekwe kwa daktari haraka.

5. Je, kuna kidonda, ganzi, au vidole vyeusi na vya baridi? Usichue, usikande kwa maji ya moto, usipashe kwa makaa. Mguu wenye ganzi huungua wenyewe ukiwa umetulia.

TIBA YA MIKONO KWA MTAALAMU

Katika nchi kama Uingereza na Afrika Kusini wapo wataalamu wa miguu peke yake, na fani yao huitwa podiatria. Kwetu kazi hii hufanywa zaidi na wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali kubwa.

Mtaalamu hatumii nguvu za kuvunja kuni. Mgonjwa hulala, kisigino kikatokeza nje ya kitanda. Mkono mmoja hushika mfupa wa muundi juu kidogo ya kifundo, na mwingine husukuma mfupa wa kifundo kurudi nyuma kwa misukumo midogo midogo yenye mpigo sawa. Geoffrey Maitland wa Australia aliigawa misukumo hiyo katika ngazi nne. Mbili za mwanzo ni za kutuliza maumivu, mbili za mwisho ni za kulegeza ukakamavu. Ngazi ya tano, ya msukumo wa ghafla, ni ya aliyesomea tu.

Na mlio wa "ka" unaosikika si mfupa kurudi mahali pake. Ni mapovu ya hewa katika ute wa kiungo. Mguu unaweza kulia usipone, na unaweza kupona bila kulia.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI

Mguu ukiwa umevuka maswali matano hapo juu, mwanafamilia anaweza kufanya haya mara moja kwa siku. Baada ya Isha ni wakati mzuri.

Kwanza, paka mafuta ya nazi au ya zeituni, usugue taratibu kutoka vidoleni kwenda gotini kwa dakika tano.

Pili, shika shina la kila kidole, ukivute kidogo, kisha ukipandishe na kukishusha mara 10.

Tatu, shika unyayo kwa mikono miwili, uuzungushe polepole kama anayekamua kitambaa laini.

Nne, mgonjwa anyooshe mguu. Pakata kisigino kwenye kiganja chako, mkono wako uegemee unyayo, kisha uegemeze mwili ili unyayo upande juu. Shikilia sekunde 30, rudia mara tatu.

Mgonjwa ahisi kuvutika, asihisi kuchomwa. Maumivu yakibaki mpaka asubuhi, umezidisha.

Kwa upande wa sitara, mume na mke wahudumiane, na watoto wawahudumie wazazi wao. Kumshika mama unyayo kila usiku ni tiba, na ni wema kwa mzazi.

MIKONO HUFUNGUA, MAZOEZI HUHIFADHI

Kulegea kunakoletwa na mikono hakudumu peke yake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008, kwa watu waliovunjika kifundo, ulionyesha kwamba kuongeza tiba ya mikono juu ya mazoezi hakukuleta faida zaidi ya mazoezi yenyewe. Basi asiyefanya mazoezi asitarajie mchuaji amtembelee kwa niaba yake.

Simama ukitazama ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chake chini, goti limenyooka. Egemea mbele kwa sekunde 30, mara tatu. Rudia goti likiwa limekunjwa kidogo.

Kisha jipime kila wiki. Weka unyayo mbele ya ukuta, sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, na usogeze mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mwisho wako. Pima kwa rula kutoka kidole gumba mpaka ukutani, ulinganishe miguu miwili. Wengi wenye vifundo vizima hufika sentimita 10 hivi. Ikiwa baada ya wiki sita hakuna kilichoongezeka, nenda hospitali. Huenda gegedu limekwisha au mfupa umeziba njia, na hapo mafuta hayafiki.

UDHU NA SWALA

Udhu hukupa nafasi ya kuukagua mguu mara kadhaa kwa siku. Unapopitisha kidole kati ya vidole vya mguu, angalia kama pana mpasuko, malengelenge au fangasi, kisha pafute pakauke. Mwenye kisukari asiyeona vizuri amwombe mwenzake amtazamie, na maji ya moto yapimwe kwa kiwiko cha mtu asiye na ganzi.

Wakati mguu unatibiwa, usiulazimishe kwenye kikao kinachouumiza. Mtume (s.a.w.) alimruhusu mgonjwa asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Namna ya kukaa kwa mwenye udhuru muulize sheikh wako. Kama mguu unaponeka, muulize tabibu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'alam.