Nondo Asiye na Mrija

Nikiwa TP mwaka jana niliwaandikia kidato cha pili ubaoni: nondo na vipepeo wote hula kwa kufyonza. Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Wote, mwalimu?" Nikajibu wote, tena kwa sauti ya kufunga mjadala. Kumbe nilimdanganya.

Yupo nondo wa Ulaya aitwaye Micropterix calthella. Linnaeus wa Uswidi ndiye aliyemwandika mwaka 1761, na jina linatokana na Caltha, ua la njano la kwenye majimaji. Ni mdogo kweli, akitandaza mabawa ni kama sentimita 1 tu. Mabawa yanang'aa kama shaba, yana zambarau pale yanapoanzia. Huruka mchana, hasa Mei na Juni, kwenye nyasi zenye unyevu, na mara nyingi utawakuta wamejazana kadhaa ndani ya ua moja.

Humo wanatafuna. Mrija hawana kabisa, wana taya, na kwa taya hizo wanasaga chavua. Sasa fikiria: uji unaweza kuunywa kwa mrija, lakini mhindi wa kuchoma je? Chavua ni chembe zenye ganda gumu, kwa hiyo anayeila anahitaji kitu cha kuvunjia.

Hapa ndipo somo linaponoga. Viwavi wa nondo karibu wote wana taya, ndiyo maana wanatumalizia mahindi shambani. Wakishatoka kwenye pupa, wengi taya zao hazina kazi tena, mrija ndio unaochukua nafasi. Jamii ya Micropterix inabaki na taya hadi utu uzima. Na si wageni hawa: visukuku vya jamii yao vimepatikana ndani ya kaharabu ya Lebanoni, vya zaidi ya miaka milioni 120. Yaani kutafuna ndiko kulikotangulia, mrija ulikuja baadaye.

Kiwavi wake huishi chini, kwenye majani yanayooza na udongo mbichi. Ukikausha tindiga, umemnyima yeye makazi na mzazi wake maua.

Yule binti sasa yuko kidato cha tatu. Nimemwandikia ujumbe mwalimu wao wa baiolojia, nikamwomba awaambie wafungue madaftari ya mwaka jana, wafute "wote", waandike "karibu wote".