SHERIA NDOGO ZA UPANDAJI MITI NA MIPAKA YAKE: SOMO KUTOKA BOMANG'OMBE

Yafuatayo ni maelezo kwa watumishi wa Serikali na wakazi juu ya swali moja: je, serikali ya mtaa yaweza kumwamuru mwananchi apande mti au ua wa aina gani mbele ya nyumba yake?

Mfano wetu ni Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, hivyo sheria za huko hazitumiki Visiwani, ambako inatumika Sheria Namba 7 ya mwaka 2014. Hata hivyo, namna ya kulipima jambo hili inafaa kujifunza.

Huko Hai, Halmashauri hutunga sheria ndogo chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 1982. Rasimu haina nguvu mpaka iidhinishwe na Waziri mwenye dhamana na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Za kijiji huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya, baada ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kutoa maoni. Kwa hiyo azimio la kikao, au barua yenye muhuri hata ukiwa mkubwa namna gani, halitoshi kumtoza mtu faini kwa kutopanda mti uliotajwa.

Mpaka wa pili ni kwamba sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye madhara kwa mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Halmashauri haiwezi kuruhusu mita 30. Vilevile, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, nayo husimamiwa na Wakala wa Barabara. Halmashauri ikimwagiza mwenye duka apande miti ndani ya eneo hilo, miti yaweza kung'olewa bila fidia, na hasara ikawa ya mwenye duka aliyetii.

Lipo pia suala la busara. Machame na Masama, juu mlimani, hupata mvua nyingi. Bomang'ombe iko chini, penye ukame. Orodha moja ya miti kwa wilaya nzima itawaumiza wa chini, watakaolazimika kununua maji ya kumwagilia. Tena Wachagga huweka mipaka ya vihamba kwa isale, mmea ambao pia hutumika kuombea msamaha. Afisa anayeamuru ua wa isale ung'olewe ili mtaa upendeze huenda anafuta mpaka, na kesi ya ardhi ikaanzia hapo.

Haya hayainyimi Halmashauri kazi yake. Bustani za umma ni zake, na tawi linalohatarisha wapita njia yaweza kuagiza likatwe kwa mujibu wa sheria. Kushauri aina za miti na kugawa miche hakuhitaji sheria ndogo.

Mkazi anayedaiwa faini anayo haki ya kuuliza namba na tarehe ya Tangazo la Serikali lililoitangaza sheria hiyo ndogo, na mtumishi anapaswa kumwonyesha kabla ya kuandika stakabadhi.