Hukumu ya Upanga Usiogusa Mtu



Katika mpira tunahesabu magoli, na katika mbio tunamwona afikaye wa kwanza. Lakini uko mchezo wa Japani ambao washindani wake hawagusani kabisa. Jina lake iaido, yaani ufundi wa kuchomoa upanga alani. Mimi nimejifunza kidogo mchezo huu, nami napenda kuwaeleza jinsi mshindi apatikanavyo.

Washindani wawili hucheza kwa wakati mmoja, mmoja ana utepe mwekundu mgongoni, wa pili mweupe. Kila mmoja humwaza adui asiyekuwapo: huchomoa upanga, hukata, hukung'uta damu ambayo haipo, kisha huurudisha upanga alani. Hufanya mitindo mitano kwa muda usiozidi dakika sita.

Waamuzi ni watatu, na kila mmoja ana bendera mbili, nyekundu na nyeupe. Mchezo ukiisha, mkubwa wao hutamka "Hantei!", maana yake hukumu, na wote huinua bendera mara moja. Angalieni hekima yake. Kwa kuwa ni watatu, wengi hushinda. Kwa kuwa huinua pamoja, mdogo hapati nafasi ya kutazama kwanza bendera ya mkubwa wake.

Lakini je, waamuzi hutazama nini? Hapo zamani palikuwa na taabu, maana vyuo vya upanga ni vingi, na kila kimoja kina desturi zake. Basi mwaka 1969 Shirikisho la Kendo la Japani liliweka mitindo 7 ya wote. Mwaka 1980 ikaongezwa 3, na mwaka 2000 ikaongezwa 2. Sasa ni 12. Kwa kila mtindo yameandikwa mambo ya kuangaliwa. Kwa mfano, katika mtindo wa kwanza, uitwao Mae, upanga ukiinuliwa juu ya kichwa ncha isishuke nyuma, na mkato wa chini ukomee pale ambapo ncha imeinama kidogo tu. Hivyo mshindani anajua atakachoulizwa, na mwamuzi hawezi kusingizia mapenzi yake.

Hata hivyo sheria hailindi moyo. Mwaka 2018 ilifichuka huko Japani kwamba katika mitihani ya daraja la 8 la iaido, ambalo ndilo la juu, watahiniwa waliwapa watahini fedha. Watu hao walikuwa mabingwa wenye mvi, na kanuni walizijua zote. Wazee wetu walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Basi wenzangu, siku moja nanyi mtapewa filimbi, au kalamu ya kusahihisha mitihani. Kwanza, yatajeni mapema mnayoyatafuta. Pili, kila mwamuzi aamue kabla ya kusikia wenzake. Tatu, akiwapo ndugu yako au mwanafunzi wako kati ya washindani, mpe mwingine bendera. Aliyeshindwa kwa haki hurudi kesho kufanya mazoezi. Aliyedhulumiwa huenda asirudi tena.