SOMO LA ROBO HII: Kusafisha Madirisha kwa Kipato cha Ziada Bila Kuacha Ajira



Katika robo hii tunajifunza juu ya mradi unaoonekana mwepesi kwa macho: kusafisha madirisha. Mfano wetu ni Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, ofisi, maduka na nyumba za kupanga zenye vioo vikubwa zimeongezeka. Kiangazi kinapofika, vumbi halimwachi mtu. Muumini mwenye mshahara mdogo akiliona hilo, huona riziki.

Hatari ni kwamba akishapata wateja wanne wa kwanza, huandika barua ya kuacha kazi na kuja kwenye kamati kuomba mkopo mkubwa. Mambo yakienda mrama, wanaoumia ni watoto wake wanaosubiri ada, pamoja na wadhamini wake kikundini.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, kamati iweze kumshauri mwombaji namna ya kuanza akiwa bado kazini, kupima hesabu zake, na kujua mkopo upi utangulie.

1. TUNAJIFUNZA NINI KATIKA MAANDIKO?

Tusome Matendo ya Mitume 18:1-5. Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, akafanya nao kazi ya kushona mahema, na siku za sabato akahubiri. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, ndipo akajitoa kwa kuhubiri tu. Hakuiacha kazi ya mikono kabla msaada mwingine haujafika. Tusome pia Luka 14:28-30, juu ya mjenzi wa mnara anayepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama.

2. UAMINIFU KWA MWAJIRI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa juma na 9 kwa siku. Inampa pia mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila juma. Mapumziko hayo ni ya mwili. Anayeyamaliza yote juu ya madirisha ya watu ataanza kusinzia kazini, naye atapoteza vyote viwili.

Kwa hiyo apange Jumamosi tu, Jumapili abaki na Bwana na familia. Asome mkataba wake wa ajira kwanza. Asipokee simu za wateja ndani ya saa za mwajiri, wala asichukue sabuni ya ofisi. Akitaka kusafisha vioo vya ofisi anayofanyia kazi, atoe taarifa kwa maandishi kwanza, maana hapo pana mgongano wa maslahi.

3. KAZI INAVYOFANYIKA

Vifaa vya kuanzia ni ndoo mbili, brashi laini, kitambaa kinene cha kupakia sabuni, mpira wa kukaushia vioo wenye mpini, na vitambaa vikavu visivyoacha nyuzi.

(a) Vumbi lipigwe brashi kwanza. Ukipaka maji juu ya mchanga na kusugua, unakwaruza kioo cha mwenye nyumba.

(b) Kazi ifanyike asubuhi au jioni. Jua la mchana hukausha sabuni kabla hujaivuta, kioo kikabaki na michirizi.

(c) Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kwa suuza ya mwisho. Madoa yaliyokwisha kushika hulainishwa kwa siki.

(d) Mpira uvutwe kutoka juu kwenda chini, na ukingo wake ufutwe kila baada ya mvuto mmoja.

(e) Madirisha mengi yetu yana nondo na nyavu za mbu. Wavu utolewe na kuoshwa peke yake. Kioo chenye karatasi ya kuzuia jua kisikwanguliwe kwa wembe.

Kabla ya kuanza, msafishaji azunguke nyumba pamoja na mwenyeji na kuandika vioo vilivyokwisha pasuka. Daftari hilo huzuia ugomvi.

4. TUHESABU PAMOJA

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila parokia iulize bei za kwake. Ndugu anasafisha nyumba 2 kila Jumamosi, yaani 8 kwa mwezi, kwa shilingi 15,000 kila moja. Mapato ni shilingi 120,000.

Matumizi ya mwezi:
- Msaidizi, Jumamosi 4 kwa shilingi 10,000: 40,000
- Nauli za watu wawili: 24,000
- Sabuni, siki na vitambaa: 8,000
- Simu: 4,000
- Jumla: 76,000

Kinachobaki ni shilingi 44,000. Wengi huishia hapo na kushangilia. Lakini yeye mwenyewe naye amefanya kazi siku 4. Akijilipa sawa na msaidizi wake, yaani 40,000, faida ya biashara yenyewe ni shilingi 4,000 tu.

Tuendelee. Kila nyumba inamwachia shilingi 5,500. Kama mshahara wake ni 400,000, ili aupate kwa madirisha peke yake anahitaji nyumba 73 kwa mwezi, karibu nyumba 3 kila siku kwa siku 26. Je, anao wateja hao? Hesabu hii haimkatazi mtu kuanza. Shilingi 44,000 juu ya mshahara ni msaada wa kweli nyumbani. Inamkataza tu kuruka kabla ya kuona upande wa pili wa mto.

5. NDOO KABLA YA NGAZI

Mkopo wa kwanza uwe wa ndoo, si wa ngazi. Ikiwa vifaa vya kuanzia vinagharimu shilingi 60,000, kinachobaki kinavilipa ndani ya miezi miwili. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa ajili ya ngazi ndefu unakula karibu miezi saba, na unampeleka mtu juu kabla hajajua kazi.

Mwaka wa kwanza asafishe nyumba za chini tu, akitumia mpini mrefu. Atakapotumia ngazi, kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na mwenzake aishike. Ghorofa ziachwe kwa kampuni zenye kamba, majukwaa na mafunzo. Mtoto chini ya miaka 18 asipandishwe kamwe. Mtu akianguka, hata mshahara aliokuwa nao unakatika.

6. LINI AACHE AJIRA?

Tunashauri mwaka mzima wa daftari. Dodoma mvua hunyesha takriban Desemba hadi Aprili, na wateja wengine huahirisha usafi mpaka zikome. Biashara iliyoonekana kiangazi tu haijapimwa. Baada ya miezi 12 kamati itazame: je, kinachobaki kinafikia mshahara? Ipo akiba ya miezi mitatu? Ana namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara kutoka halmashauri? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, abaki kazini.

7. WAJIBU WA KAMATI NA WAFADHILI

Kamati ihakikishe kikundi kinachokopesha kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ikague daftari la mkopaji kila mwezi, na izungumze pia na mwenzi wake, kwa kuwa deni huingia nyumba nzima.

Kwa wafadhili wetu: mara nyingi mnatuuliza ni wangapi wamejiajiri kikamilifu. Tunawaomba mtuulize pia ni wangapi wamebaki na ajira zao huku kipato kikiongezeka. Fedha ndogo ya ndoo inayorejeshwa kwa wakati humfikia muumini mwingine anayesubiri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini Paulo hakuacha kushona mahema mara tu alipofika Korintho?
2. Katika mradi wako, umejilipa mwenyewe katika hesabu?
3. Kamati yetu imewahi kukopesha ngazi kabla ya ndoo? Tulijifunza nini?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.