Dondoo muhimu: Kinywaji cha sikukuu Babati

Mvinyo, anza na wa Dodoma. Unapanda kwa lami kupitia Kondoa, na mwekundu mkavu wa zabibu za Makutupora unaendana vizuri na mbuzi choma. Mweupe uliopozwa uwekee perege wa Ziwa Babati. Wasiopenda ukali wape Dompo, ila kwa glasi ndogo: utamu wake unaficha kilevi.

Konyagi ina asilimia 35. Mzinga mmoja, ndimu na Stoney Tangawizi vinatosha meza nzima. Kuinywa kavu ni ubishi tu.

Ukipata mbege, nunua siku ileile ya kunywa. Povu liwe bado linachemka na harufu iwe ya ndizi. Ikinuka siki, rudisha kata.

Kabla ya kulipa, tazama kizibo. Stempu ya TRA iwe nzima, isiwe imebanduliwa na kubandikwa upya, na simu yako inaweza kuihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku Machi 2017, usiviguse. Gongo nayo, hata kama kaileta shemeji: methanoli huwezi kuijua kwa ladha, na inapofusha.

Atakayeendesha bodaboda kurudi Magugu apewe hiyo Stoney peke yake.